Tulilala kwenye hema ufukweni, na shangazi wa mume wangu ana nyumba hapo jirani. Mpaka leo hapokei simu

Dada shikamoo. Naomba jina langu ulifiche na mtaa wetu pia usiutaje, maana ukoo wa mume wangu wanakusoma sana na haya mambo ni yao. Niite tu mama wa watatu. Tunaishi Dar, binti yangu mkubwa ana miaka 14, anayemfuata wa kiume ana 11, na kitinda mimba wa kike ana 8.

Mwaka jana likizo ya mwezi wa sita mume wangu alirudi na mahema mawili ya mtumba, mazuri tu, na magodoro yale membamba ya kukunja na jiko dogo la gesi, akasema mwaka huu hatuendi kukaa kwa watu, tunaenda kukempu, watoto waijue pwani yao na historia yake. Mi nilifurahi jamani, sikatai. Akachora safari kwenye karatasi: Bagamoyo, Kaole, Saadani, Pangani, Tongoni, Tanga mjini, mapango ya Amboni, afu turudi kwa njia ya Segera na Chalinze. Siku nne. Nikamwambia baba watoto siku nne hazitoshi, akasema tukiamka mapema zinatosha.

Bagamoyo tuliingia saa nne asubuhi. Tukaenda misheni kwenye ule mnara wa kanisa la zamani, tukatoka, Caravanserai, kile kituo cha zamani cha misafara, tukatoka, Boma tukatoka, yaani kushuka na kupanda gari. Kwenye makumbusho ya misheni kuna minyororo waliyofungwa watumwa, huyu wangu mdogo akasimama pale akauliza, mama hawa walikuwa wamefanya kosa gani? Nilikosa la kumjibu kabisa, baba yake yuko mbele anasoma maandishi ya ukutani, mwisho nikamwambia twende tutachelewa Kaole. Kaole tumefika jua la utosi, watoto wameyaona makaburi na msikiti wa kale wakiwa wamejifunika mataulo kichwani. Jioni hiyohiyo hatukai, tunakimbilia mbele.

Usiku wa pili tumelala Ushongo. Pazuri dada, mwezi mpevu, bahari nyeupe kama maziwa, mume wangu akasema tusogeze mahema karibu na maji watoto wasikie mawimbi. Saa kumi alfajiri nasikia mgongo wa baridi, nanyoosha mkono nashika maji. Bahari imeingia ndani! Watoto wanapiga kelele, mdogo anakililia kiatu chake kinaelea, binti mkubwa analia kimyakimya, tumekaa kwenye gari mpaka kunakucha.

Sasa shangazi yake mume wangu, dada wa marehemu baba yake, anakaa Bweni, palepale kabla ya kuvuka kivuko kwenda Pangani. Baba mkwe naye alizaliwa hapo, ndo alipoanzia kazi ya kukata mkonge. Hatukuwa tumempa shangazi taarifa yoyote, mpango ulikuwa tumpitie tumsalimie tu. Tukafika magodoro yamelowa juu ya keria, watoto wana mchanga mpaka kwenye nyusi. Kumbe ameshaambiwa na kijana wa bodaboda kwamba wageni wako wamelala ufukweni na watoto. Alitupa chai na mihogo, hakukaa na sisi. Tulipoaga akamwambia mume wangu neno moja tu, "Kwani kwangu kuna chui?" Tulikaa kama dakika ishirini, mume wangu anawahi kivuko. Pale kwenye kivuko akashuka kwenye gari akasimama peke yake anaangalia mto, hata nilipomuita hakugeuka.

Tongoni na Tanga sina la kusimulia. Amboni watoto waligoma kushuka kwenye gari.

Tangu siku hiyo shangazi hapokei simu yangu wala ya mume wangu, na mama mkwe ameniambia mimi ndo nimemfundisha mwanae uzungu wa kulala porini huku ana ndugu. Mwezi wa sita huo unakuja, mume wangu ametoa karatasi tena, siku tano safari hii, na ameongeza Lushoto. Binti mkubwa kasema yeye haendi hata kwa viboko, abaki kwa bibi yake. Ntafanyaje na shangazi, ntamwambiaje huyu baba anielewe bila ugomvi, na lile swali la mtoto, kwa kweli linaniuma mpaka leo, alitakiwa ajibiwe nini?

Mama wa watatu

*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, maana mi ni mtoto wa Tanga na miaka mingi ya utoto wangu nimelelewa Pangani kwa bibi, hicho kivuko nimekivuka nikiwa mgongoni na nikiwa na ndoo ya dagaa kichwani. Kwa hiyo hapa nakujibu kama dada kweli.

Tuanze na shangazi, kwa sababu hiyo safari yenu haiendi popote mpaka yeye kwanza. Shangazi kwetu ni baba wa kike. Baba mkwe wako ameshatangulia, basi huyo mama hapo Bweni ndo baba aliyebaki, na mumeo aliporudi na mke na watoto alirudi kwa baba yake. Sasa mi sidhani kama hema lenyewe ndo limemuuma. Kilichomuuma ni kuambiwa na kijana wa bodaboda. Fikiria yuko uani anapeta mchele, mtu anasimamisha pikipiki anampa habari za watoto wa kaka yake, na habari zenyewe ni kwamba wamelala mchangani. Mtaa mzima wa Bweni ulijua kabla yake, na siku zote watakuwa wanamuuliza, eti wale wageni wako kwanini hawakufikia kwako? Hilo "kwangu kuna chui" ni swali la majirani, yeye alilihamisha tu.

Kwa hiyo simu haitoshi, na ya kwako ndo haitoshi kabisa, usijitwishe wewe. Mumeo aende mwenyewe, wikendi moja kabla ya likizo, peke yake au na huyo wa kiume. Asiende mikono mitupu: doti moja ya khanga nzuri, sukari, mchele, sabuni. Na akifika asianze kueleza habari za mahema na mpango ulivyokuwa, akianza kujitetea amekwisha. Aseme shangazi nimekosa, nimekuja unisamehe, anyamaze, amwache mama wa watu aseme yote aliyoyaweka mwaka mzima. Atasema mengi na mengine yatakuwa ya zamani kuliko hiyo safari, ayapokee. Akishamaliza na chai imeletwa, ndo aombe: shangazi mwezi wa sita tunakuja kukaa kwako siku tatu, na watoto wamezoea hema, tunaomba tulifunge hapo uani kwako chini ya mwembe. Unaona hapo? Watoto wanapata kempingi yao, wajukuu wengine wa hapo watajaa humo ndani mpaka zipu ikatike, na kila anayepita njiani ataona hema limefungwa kwenye uwanja wa shangazi. Heshima yake inarudi mbele ya watu walewale walioiona ikiondoka. Na mama mkwe akisikia hivyo atapunguza maneno yenyewe.

Sasa kuhusu baba watoto. Umeniandikia kwa urefu habari za maji kuingia kwenye hema, lakini kwamba baba yake alizaliwa hapo Bweni na akaanza kazi ya mkonge hapo umeitaja kwa mstari mmoja ukapita. Na kwamba alisimama kwenye kivuko anaangalia mto hata ulipomuita hakugeuka, ukapita vilevile. Mdogo wangu rudi hapo. Simjui mumeo, naweza kukosea, ila mtu anayekimbiza watoto wake kwenye miji sita kwa siku nne eti waijue pwani yao, afu mahali pa baba yake anakaa dakika ishirini, huyo mi naona kuna kitu anakitafuta na hapohapo anakiogopa. Karatasi ile yenye orodha ndefu inamsaidia asisimame. Usimwambie safari yako ilikuwa mbaya, atajitetea na mtaishia kugombania Lushoto. Mkae usiku watoto wamelala, muulize, baba alikuwa anakata mkonge upande gani? Alikuwa anavuka na mtumbwi au na nini? Uliza na umsikilize mpaka mwisho hata kama atanyamaza katikati.

Maana hiyo Bweni mnayoipita ndo penyewe kwa historia kuliko hata mnavyodhani. Mkonge wote wa nchi hii umeanzia upande huo wa mto, Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kule Marekani, njiani ikafa, iliyofika hai ni 62 tu, hiyo 62 ndo ikapandwa hapo ikazaa mashamba yote yale mnayoyaona mkirudi kwa njia ya Segera. Afu babu wa watoto wako ameishi kwa kukata majani hayohayo! Mwambie mtoto wa miaka 11 habari hiyo huku ameshika jani la mkonge mkononi, ule mwiba wa ncha umchome kidogo, amuulize bibi yake shangazi babu alikuwa anakata mafungu mangapi kwa siku na mikono ilikuwaje jioni. Hakuna makumbusho yatakayompa hicho.

Kwa hiyo ushauri wangu kata orodha bila huruma. Siku tano, mahali pawili: Bagamoyo usiku mbili mkiwa mnaenda, Bweni na Pangani zinazobaki. Amboni, Lushoto, Tanga mjini, yote yaacheni, hayahami. Tongoni nayo ningeiacha ijapokuwa naipenda sana, yale makaburi ya kale karibu arobaini yamekaa kimya pale karibu na mikoko. Pangani penyewe mkivuka asubuhi bila haraka kuna Boma, kuna majumba ya zamani yenye milango ya kuchonga, na huyo wa kiume mwambieni habari za Bushiri bin Salim aliyewapiga vita Wajerumani pwani hii yote, wakamkamata na kumnyonga hapohapo Pangani Desemba 1889. Jioni mnarudi kwa shangazi kula.

Hilo la maji, nisikilize vizuri maana mngeweza kulia msiba. Mliona mwezi mpevu mkaona pazuri, na ni pazuri, lakini mwezi ukijaa na mwezi ukiandama ndo bamvua, bahari ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Na kwa pwani hii maji ya bamvua yanajaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Mmefunga hema saa mbili usiku maji yanashuka, mkadhani ufukwe ni mpana hivyo siku zote, kumbe yana safari ya kurudi. Mvuvi yeyote hapo Ushongo angewaambia, mngeuliza tu. Siku nyingine kabla ya kufunga kamba tembea utafute ule mstari wa mwani mkavu na vijiti na vifuu, hapo ndo maji yalipofika mwisho, pandeni juu yake mpaka kwenye yale majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau, na hapo napo inua macho, usilaze mtoto chini ya mnazi wenye nazi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji mbali, na inajaa kwenye saa nne saa tano asubuhi, raha kwa watoto kuogelea. Ila kama mnataka kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga, hapo bamvua ndo inawafaa kwa sababu asubuhi hiyohiyo ya saa nne maji yamekupwa na mchanga uko wazi, yakijaa sana unafunikwa wote. Msiwaahidi watoto Maziwe mkiwa Dar lakini. Mwezi wa sita kusi inavuma, bahari inachafuka, nahodha akisema leo hapana basi hapana, msimbembeleze wala msimwongezee hela.

Na mkifunga hema popote nje ya uwanja wa shangazi, mwenyekiti wa kijiji au kitongoji ajue mko hapo, au laleni kwenye kempu ya kulipia yenye mlinzi. Mbu wa pwani mnawajua, zipu zifungwe kuanzia magharibi.

Binti yako sasa. Umesema alikuwa analia kimyakimya na haendi hata kwa viboko. Mdogo wangu, msichana wa miaka 14, nataka ujiulize alikuwa anaenda haja wapi siku zile nne, anaoga wapi, alikuwa analala hema moja na mdogo wake wa kiume, na je alikuwa kwenye siku zake akashindwa kusema mbele ya baba? Mi naweka asilimia kubwa hapo kuliko kwenye uvivu wa historia. Muulize wakiwa hawapo wengine, mkiwa mnasuka au mnaosha vyombo, asikuangalie usoni. Muahidi hema lake na mdogo wake wa kike tu, choo chenye mlango na maji ya kuoga kila mahali mtakapolala, na Bagamoyo kigezo chenu cha kuchagua kempu kiwe hicho kabla ya bei. Akisema bado hataki, mwaka huu mwacheni kwa bibi yake kwa amani, msimchape wala msimnunie.

Nimeliacha swali la mdogo mwisho kwa sababu na mimi limenikaa. Hawa walikuwa wamefanya kosa gani? Jibu ni kwamba hawakufanya kosa lolote, na alitakiwa aambiwe hivyohivyo, palepale, kwa sauti ya kawaida, umeinama usawa wa macho yake. Hawakukosa kitu mwanangu. Watu waliotaka utajiri waliwakamata, wakawatembeza, wakawauza, na waliouza na kununua walikuwa wa rangi nyingi, na wa kwetu walikuwemo. Mtoto wa miaka nane anaweza kulibeba hilo. Asichoweza kubeba ni kuona mama amenyamaza, anabaki anadhani kosa lilikuwepo ila ni baya mno halitajiki.

Kwa hiyo mkirudi Bagamoyo mrudishe hapohapo, wewe na yeye tu, wengine wakale ndizi nje. Mwambie mama alikosa jibu mwaka jana, nimekuja nalo. Ukimaliza mpeleke kwenye mnara, umwambie habari ya Susi na Chuma na wenzao, waliokuwa watumishi wa Livingstone, yule mmisionari wa Kizungu. Livingstone alikufa mwaka 1873 kule ndani ambako sasa ni Zambia, wakaukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu miezi na miezi mpaka hapo Bagamoyo Februari 1874. Wazee wamelifasiri jina la mji huo kwa namna mbili, bwaga moyo ya mtumwa aliyekata tamaa kwa kuiona bahari, na bwaga moyo ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya kutembea kutoka Ujiji na Tabora. Mwache yeye achague ipi anaiamini, afu mwende Kaole saa moja asubuhi kabla ya jua, kile kisima cha karibu na bahari kina maji baridi, mwache aguse.

Mumeo aende Bweni kabla mwezi huu haujaisha. Na yale magodoro, najua mliyaanika yakakauka mkayakunja, yafunueni tena. Kama yamebaki na chumvi ya bahari yatavuta unyevu kila usiku hata mkilala mlimani. Yaloweke kwenye maji baridi, yale yasiyo na chumvi, mara mbili, kamua kwa kukanyaga, anika kivulini penye upepo siku mbili tatu.

Dada yako